Wakicheka, hawatoi

Mwenyekiti wa chama chetu alinivuta nyuma ya turubai, sherehe imeshaanza. "Bwana mdogo, hivyo vichekesho vyako vifupishe. Tumeahidiwa baiskeli kumi za magurudumu matatu. Watu wakicheka, hawatoi."

Ilikuwa Desemba 3, 2012, Tanga, Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Sikumlaumu. Miaka yote tuliishi kwa utaratibu uleule: kwaya ya wasioona iimbe kwa huzuni, risala isomwe kwa sauti ya kilio, mgeni rasmi atoe kitambaa, halafu atoe ahadi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwa imepitishwa mwaka 2010 na inasema habari za haki, lakini haki haijawahi kumtoa mtu kitambaa mfukoni.

Mimi polio ilinipata mwaka 1983, nina miaka mitatu. Natembelea magongo mawili. Kichekesho cha kiwete nakijua tangu utoto: mtu mwenye miguu yake miwili anapanda jukwaani, anachechemea, anaanguka, watu hoi. Shuleni na mimi nilikuwa nacheka, tena mstari wa mbele. Ningefanyaje? Usipocheka, wote wanageuka kukutazama.

Basi nikaitwa. Jukwaa la siku ile, siku yetu, lilikuwa na ngazi tano. Nilizipanda moja moja, gongo, gongo, mguu, na uwanja mzima ukanyamaza kama msibani. Nilipofika juu nikashika kipaza sauti: "Nawashukuru mafundi. Wameweka ngazi makusudi, ili hotuba wabaki nazo wenye miguu."

Kimya. Watu wakatazama chini. Kisha bibi mmoja mbele, amejitanda kanga, akasema kwa sauti iliyofika kila kona: "Masikiniii!"

Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Masikini ndiyo, mshahara haujatoka. Lakini mguu hauhusiki."

Akaangua kicheko yeye kwanza, mkono mdomoni, na uwanja ukamfuata. Ni kama walikuwa wanangoja ruhusa tu.

Nikawaambia, mimi ni kiwete, jirani yangu kipofu, mwenzake kiziwi. "Sasa hesabuni: kiti, kijiko, kikombe, kiwete. Kumbe tumepangwa kabatini na vyombo!" Walimu ndio waliowahi kucheka; ngeli wanazifundisha wao. Nikawasimulia konda anayenirudishia nauli kila nikimpa, mpaka abiria wakadhani namdai. Halafu nikafika kwenye swali ninaloulizwa kila ninapohamia mtaa mpya: "Na mkeo, yeye anatembea?"

"Anatembea sana," nikasema. "Ndiyo tatizo."

Mwenyewe alikuwa pale, safu ya pili. Ruhusa ya kichekesho hicho niliipata kwa doti mbili za khanga, na alicheka kuliko wote. Mgeni rasmi alijibana, mabega yakimtikisika, mwisho akatoa kile kitambaa. Akafutia machozi, ila si yale aliyozoea kufuta. (Baiskeli zilitoka saba. Mwenyekiti mpaka leo ananidai tatu.)

Lakini ninachokumbuka zaidi ni yule bibi. Pesa za watu nimepewa sana maishani, bila kuomba. Ukisimama nje ya duka unamsubiri mtu, magongo kwapani, mpita njia anakutumbukizia sarafu mfuko wa shati na kuondoka haraka, hakutazami usoni. Ukimwita umrudishie, anaongeza.

Bibi hakuja hivyo. Alikuja kwa mwendo wa taarabu, taratibu, noti ya elfu moja ameinua juu anaipunga, mabega yanacheza, wanawake wenzake wanapiga vigelegele. Alikuja kunitunza, kama anavyotunzwa mwimbaji harusini. Kwenye ngazi magoti yakamgomea. Akasimama ngazi ya pili, anahema. Nikaegemea gongo moja, la pili nikamteremshia. Akalishika kwa mikono miwili, akapanda nalo mpaka juu.

Akanibandika ile noti kwenye paji la uso, ikashikilia kwa jasho. Watu wakalipuka. Nami nikainama kumshukuru, na macho yakaanza kunilengalenga.

Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Nirudishie mia tano, mwanangu. Nitakosa nauli."