Chachu ndani ya pishi tatu (Mathayo 13:33)

"Ufalme wa mbinguni umefanana na chachu aliyoitwaa mwanamke, akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga, hata ukachachwa wote pia." Mstari mmoja tu kwa wiki hii.

Tuanze na pishi, maana hapo wengi hupotea. Pishi ya Kiswahili ni vibaba vinne, hivyo pishi tatu hazifiki kilo 10; mama wa maandazi pale Manzese huukanda unga huo peke yake kabla ya adhana ya alfajiri. Kigiriki kinasema sata tatu (moja huitwa saton). Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, anaieleza saton kuwa modio moja na nusu ya Kirumi, yaani kama lita 13. Tatu ni karibu lita 39, unga unaopita kilo 20. Nyanyua mfuko wa kilo 25 dukani Kariakoo, ndipo utaelewa. Sara naye aliambiwa akande vipimo vitatu, Ibrahimu alipopata wageni (Mwanzo 18:6). Huo ni unga wa karamu, si wa chai ya nyumbani. (Wanaosema pishi tatu ni Utatu Mtakatifu wanaupa mfano mzigo ambao haukubeba.)

Chachu nayo si hamira ya paketi. Ni donge la unga wa juzi, limebakizwa makusudi mpaka likawa kali. Unalivuruga katika maji ya uvuguvugu, unalikanda ndani ya unga mpya, unafunika. Kwa joto la Dar, hamira ya dukani huumua kwa saa moja hivi. Donge la namna hii huweza kutaka usiku kucha. Maji yakiwa ya moto mno, chachu hufa na unga hulala vilevile. Usipokanda vya kutosha unapata mabaka, huku umeumuka, huku mgumu. Maneno "wote pia" yanayakataa mabaka hayo.

Ukiuacha kupita kiasi, unga huchacha hadi kuharibika. Ndiyo maana kwingine chachu ni picha mbaya: chachu ya Mafarisayo (Mathayo 16:6), chachu kidogo inayochachua donge zima (1 Wakorintho 5:6). Kutokana na hayo, wapo walimu wanaosema hata hapa chachu ni mafundisho ya uongo yaliyoingia kanisani. Hoja hiyo haisimami. Yesu amesema Ufalme ndio uliofanana na chachu, na katika Walawi 23:17 mikate miwili ya sikukuu ya majuma ilitolewa kwa Bwana ikiwa na chachu. Simba naye ni Ibilisi katika 1 Petro 5:8, na ni Kristo katika Ufunuo 5:5. Picha moja hubeba zaidi ya maana moja.

Neno zito kuliko yote ni "akaisitiri". Kigiriki ni aliificha ndani, neno ambalo mtu hangelitarajia katika habari za kukanda unga. Kiswahili kimeongeza harufu ya stara, na imependeza, ila tusisahau kwamba maana ya kwanza ni kuficha. Anayefunua beseni baada ya dakika 10 haoni kitu, na akisema hakuna kinachoendelea, amekosea: kazi imeshaanza. Tena hakuna wa kuirudisha nyuma. Jiwe kwenye mchele unalichambua. Chachu iliyokwisha kukandwa huichambui. Wasikilizaji waliongoja Ufalme wa majeshi na tarumbeta walipewa beseni lililofunikwa.

Mkiusoma kwenye jumuiya, anzeni na mstari wa 31, maana haradali na chachu vinakwenda pamoja, kisha mpeni nafasi anayepika maandazi aseme kabla ya mwalimu.

Wanafunzi walipoingia nyumbani waliomba wafafanuliwe magugu ya shambani (13:36). Chachu hawakuiuliza, labda kwa sababu kila mmoja alikulia nyumba yenye donge hilo.