Nilivyoipeleka bia ya kegi Mpwapwa ikiwa kwenye chupa

Bia napika mwenyewe nyumbani, Nkuhungu, Dodoma, na kwa miaka miwili safari yake ilikuwa inaishia kwenye kegi, yaani pipa la chuma, ya lita 19 ndani ya friji kuukuu. Anayeitaka anakuja na glasi. Kasheshe ilianza mdogo wangu alipopata mchumba Mpwapwa. Mama akasema mahari haiendi peke yake, na bia ya kwetu lazima iwepo. Sasa kegi na mtungi wake wa gesi ya kusukumia bia utavipakia wapi kwenye Noah yenye mashangazi wanne?

Ikabidi niihamishie kwenye chupa. Kuna jamaa yangu, mjuzi wa kila kitu, akaniambia: "Pandisha presha. Ikitoka kwa kasi haipati nafasi ya kutoa povu." Nikamwamini. Saa ya gesi ilikuwa inasoma paundi 12, nikaisukuma hadi 20. Chupa zenyewe nilikuwa nimezianika juani, zina joto kama chapati. Nilipofungua bomba, povu lilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, likanilowesha hadi soksi. Likitulia, bia iliyomo ni vidole viwili. Naongeza, linapanda tena. Kegi nzima ikanipa chupa 12, nyingine ikanywewa na sakafu. Hata hizo 12 gesi ilikuwa imeshapungua, zimepooza kama chai ya msibani.

Mjuzi hakukosa dawa: "Tia kijiko cha sukari kila chupa, hamira iliyobaki itakurudishia gesi." Ushauri huo una ukweli wake, maana bia isiyo na gesi kabisa hutiwa gramu 6 hivi za sukari kwa lita. Yangu ilikuwa bado na gesi kiasi, na mimi nikachukua kijiko cha kulia wali, tena kikiwa na kilima juu. Nikafunga vizibo, nikazipanga stoo. Ilikuwa Oktoba, na mnajua Dodoma ya Oktoba.

Siku ya tano, saa nane usiku: pa! Kimya. Pa! Pa! Mke wangu akanipiga kiwiko, "Amka, tumevamiwa!" Harufu ya hamira ilipofika chumbani nikajua mvamizi ni nani. Niliingia stoo nimevaa sufuria kichwani na sinia kifuani, huku yeye akinimulika na simu kutoka mbali na kucheka mpaka akakaa chini. Tano zilikuwa zimepasuka, vipande vimechoma hadi gunia la mahindi. Zile saba nilizifunika blanketi nzito hadi asubuhi, nikazifungulia uani, moja moja, nimevaa glavu za kuchomelea. Balozi alikuja kuuliza kama tuna bunduki.

Aliyeniokoa ni fundi friji wa Majengo, ambaye bia hata hanywi. Alitazama mpira wangu wa bomba, mnene na hauzidi nusu mita, akasema: "Mzee, hapa unaifungulia mbio. Ipe njia ndefu nyembamba ichoke." Nikanunua mita tatu za mpira wa mashine ya maji ya kunywa, tundu lake hata penseli haipiti. Haukufika elfu kumi, nadhani. Nikauviringisha kwenye ndoo ya barafu, mwisho wake nikachomeka bomba gumu la plastiki linalogusa kitako cha chupa.

Kegi ya pili ilikaa siku mbili kwenye friji, karibu na kuganda. Chupa nazo nilizilaza frijini zikiwa zimesuuzwa na bado mbichi ndani, maana chupa kavu yenye joto ndiyo mama wa povu. Nikafunga gesi, nikaachia iliyokuwa juu ya bia, nikarudisha kidogo tu, kama paundi 3. Nikafungua bomba.

Jamani! Bia ilipanda kutoka chini polepole, kimya, kama maji ya kisima, na povu jembamba juu. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja, akaona, akarudi kukaanga vitunguu. Ikifika shingoni unachomoa bomba, unagonga chupa kidogo povu lijae mdomoni, kisha unabana kizibo juu ya povu lenyewe. Usisubiri litulie, kwa sababu hewa ikibaki humo bia inaharibika ladha ndani ya wiki chache. Nilipata chupa 35, na sukari sikutia hata punje.

Zilisafiri kwenye boksi la barafu, Mbande, Kongwa, hadi Mpwapwa, kila shimo la barabara mashangazi wakiinua miguu. Mjomba wa binti alifungua ya kwanza. Ikasema psss, povu likasimama, akaonja bila neno, akaivuta karibu na kiti chake.

Chupa tupu 11 hadi leo ziko kwao. Nikipiga simu kuzidai, shemeji ananiuliza kwanza napika lini tena.