Mwanga ndio unaotoa ruhusa

Tangu Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2022 itolewe kwa Carolyn Bertozzi, Morten Meldal na Barry Sharpless, kemia ya kliki, yaani kuunganisha molekuli mbili kwa haraka na kwa uhakika, huelezwa kwa mfano wa bizimu ya mkanda wa kiti: sehemu mbili zinakutana, zinashikana, basi. Mfano huo unaeleweka, ila unaficha jambo moja, kwamba bizimu isiyochagua mahali wala wakati hujifunga popote inapomkuta mwenzake. Anayetaka kutia alama seli chache tu miongoni mwa maelfu, zote zikiwa zimebeba azaidi ileile (kikundi cha atomi tatu za naitrojeni), hahitaji kasi, anahitaji kufuli linalofunguliwa na mwanga.

Kufuli ninalolipenda ni saiklopropenoni, kikundi chenye pete ndogo ya kaboni tatu, ambalo Vladimir Popik na Geert-Jan Boons wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walilitumia kwenye seli hai mwaka 2009. Pete ya atomi nane za kaboni yenye bondi ya mara tatu imejikunja kama upinde uliovutwa, na ndiyo maana huungana na azaidi bila kuchochewa na shaba, ambayo ni sumu kwa seli. Bondi hiyo ikifichwa ndani ya saiklopropenoni, molekuli hukaa gizani kando ya azaidi bila kuigusa; ikimulikwa kwa urujuanimno wa takriban nanomita 350, huachia kaboni monoksaidi na upinde unarudi. (Jina la gesi hiyo linatisha, lakini kila kufuli hutoa molekuli moja tu.) Azaidi zenyewe huwekwa na seli: hulishwa sukari ya manosamini iliyopachikwa azaidi, nazo huigeuza kuwa asidi ya siali na kuisimika kwenye utando wa nje.

Kwenye kioo mambo hunyooka zaidi. Kioo kilichopakwa saiklopropenoni hufunikwa kwa kiwambo chenye matundu, humulikwa, kisha huoshwa kwa rangi yenye azaidi, na nakshi hutokea palipopata mwanga tu. Palipobaki giza bado pana kufuli zima, hivyo panaweza kumulikwa baadaye na kupewa rangi ya pili.

Tofauti kati ya kioo na seli ndiyo inayonifanya niirudie ile kasi niliyoipuuza hapo juu. Juu ya kioo molekuli imefungwa mahali pake. Ndani ya kimiminika zinamokaa seli, molekuli iliyofunguliwa na mwanga huelea, na isipoungana upesi hutia alama seli ya jirani ambayo haikumulikwa. Azaidi na pete hiyo huungana polepole kiasi. Kwa sababu hiyo naipa uzito zaidi njia ya tetrazini (pete yenye atomi nne za naitrojeni), iliyoonyeshwa na kundi la mkemia Joseph Fox mwaka 2016: dihidrotetrazini, umbo lake lililolala, huoksidishwa kwa msaada wa rangi ya methilini buluu na mwanga mwekundu wa nanomita 660, mpole kwa seli kuliko urujuanimno, na tetrazini inayozaliwa huidaka molekuli mwenzake, transi-saiklookteni, kwa kasi kubwa mno hata haipati nafasi ya kwenda mbali.