Sataranji ya Schönberg: kete zote zimepata rangi

Kete 36 zimekauka: njano 12, nyeusi 12, kijani 6, nyekundu 6. Kwa asiyeujua mradi huu, natengeneza nakala ya sataranji ya watu wanne aliyoibuni mtunzi wa muziki Arnold Schönberg mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ubao wake una vyumba 10 kwa 10. Kete za asili alizitengeneza mwenyewe. Zangu ni za kadibodi ya maboksi, gundi ya mbao na rangi ya mafuta.

Picha nimezipata kwenye hifadhi yake. Alifariki Los Angeles mwaka 1951, na makaratasi yake yakaja kutunzwa katika chuo kikuu mjini humo hadi 1998, yalipohamishiwa Vienna, alikozaliwa. Arnold Schönberg Center wameweka mengi mtandaoni: miswada ya muziki, barua, michoro, hata karata alizochora kwa mkono. Ukiingia kutafuta kitu kimoja, unatoka alfajiri.

Kazi iliyonichosha ni maumbo. Mfalme yupo, lakini jeshi lake ni la vita vya kisasa: ndege, vifaru, mizinga, nyambizi, wahandisi. Si ajabu, kwani mtu huyu alivaa sare za jeshi la Austria katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyambizi ya kadibodi, nawaambia, haikubali kusimama. Nimeishia kuigandisha juu ya kizibo cha soda.

Kuna wanaouhusisha mchezo huu na muziki wake wa noti 12, wa miaka hiyo hiyo. Mimi sikubaliani. Katika muziki ule hakuna noti iliyo bwana wa nyingine. Hapa ubwana umepangwa tangu mwanzo: madola mawili makubwa, mawili madogo, na kila dogo linatafuta mkubwa wa kuungana naye. Utamu wote uko hapo. Tulipojaribu kucheza, jirani yangu, mbabe wa drafti pale kijiweni, alishika nyekundu zenye kete 6, akatuacha sisi wenye kete 12 tukimbembeleza kama wagombea wiki ya kampeni.

Kilichobaki ni kupaka ubao vanishi na kuandika sheria kwa Kiswahili. Nimeanza na ya muungano, maana ndiyo iliyozua kelele nyingi mezani.