Sendika za American Airlines zilivyojipanga

Wandugu madelege wa hapa Lubumbashi, tukisikia kampuni imefilisika tunawaza moja kwa moja dekonti finali, yaani malipo ya mwisho ya kufukuzwa kazi. Marekani kuna njia nyingine. AMR, kampuni mama ya shirika la ndege la American Airlines, ilikimbilia mahakama ya ufilisi 29 Novemba 2011. Ndege ziliendelea kuruka, madeni ndiyo yalisimama.

Hatari iko kwenye kifungu cha 1113 cha sheria ya ufilisi ya Marekani. Mwajiri anapeleka pendekezo lake, anaonyesha hesabu, anakutana na sendika. Wakikataa bila sababu nzuri, hakimu anaweza kufuta mkataba wa pamoja. Marubani walipigia kura ya hapana ofa ya Agosti 2012, na Septemba mkataba wao ukafutwa kweli.

Lakini sendika 3, za marubani, wahudumu wa ndani na mafundi, zilikuwa na viti ndani ya kamati ya wadai, yaani wale wanaoidai kampuni. Tayari Aprili 2012 zilikuwa zimesaini na US Airways, shirika lingine la ndege: mkituchukua, masharti ni haya. Wakubwa wa AMR walitaka kutoka mahakamani peke yao kwanza, bila kuungana na US Airways. Huo ndio ujanja naoupenda: kuchagua tajiri mpya kabla hujachaguliwa. Muungano wa AMR na US Airways ukakamilika 9 Desemba 2013.

Mashirika yakiungana, panapoharibika sana ni ansiyenete, yaani nani ametangulia kazini, maana ndiyo inaamua ndege, zamu, likizo na nani afukuzwe kwanza. Mwaka 2001, American iliponunua shirika la TWA, wahudumu wa TWA waliwekwa mkiani mwa orodha, wengi wakapoteza kazi. Tangu sheria ya Marekani ya 2007, orodha zikishindikana kuunganishwa kwa mazungumzo, zinakwenda kwa msuluhishi.