Namba duali zipo kazini bana

Wale mnaosema namba duali (zile za a+bε, ambapo ε yenyewe si sifuri ila ε² ni sifuri) ni za vitabuni tu, mi jana usiku nimechungulia msimbo wa ForwardDiff, maktaba ya kukokotoa derivativu (kasi ya kubadilika kwa fomula) kwenye lugha ya programu ya Julia, zimejaa humo, kuna taipu (aina ya data) kabisa inaitwa Dual inabeba thamani na derivativu yake pamoja. Chukua x² pale kwenye 3, unaiingiza 3+ε, na ε² ni sifuri, basi inatoka 9+6ε, hiyo 6 ndo derivativu yenyewe, hakuna kukadiria kwa kusogeza x kidogo na vile vi-h vidogo (mwanahisabati Clifford kazileta namba hizi 1873 aisee!). PyTorch, maktaba ya kufundishia modeli za AI, nayo inazo ila mafunzo ya modeli kwa kawaida hayapiti huko, ukiwa na vigezo milioni (namba za modeli zinazorekebishwa) na hasara moja (namba ya kupima modeli imekosea kiasi gani), kwenda mbele kigezo kimoja kimoja utakesha, ndo maana wanaanzia mwisho, kwenye hasara, wanarudi nyuma na kupata derivativu za vigezo vyote kwa mkupuo.