Watakatifu, na Bado Wakapimiwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno lililonilemea wiki hii ni dogo: tunaaminiana. Kazini kwetu linasemwa kwa upendo kabisa. Keshia anampa mkuu wake fedha bila vocha, ile karatasi ya kuidhinisha malipo, kwa sababu tunaaminiana. Mkuu anasaini hundi tatu tupu kabla ya kusafiri kwa sababu tunaaminiana. Mtunza stoo ndiye anayeagiza mzigo, ndiye anayeupokea, ndiye anayepeleka ankara ilipwe, na hakuna anayehoji kwa kuwa ni mtu wa maombi. Nami nakiri mbele zenu: moyo wangu nao huona uzito ninapoulizwa risiti iko wapi. Kitu ndani husema, kwani wananionaje? Basi haya yananihusu kabla ya kumhusu mwingine yeyote.

Kifungu kilichonishika ni Ezra 8. Mnakumbuka habari yake. Ezra, kuhani anayewaongoza Wayahudi kurudi kutoka Babeli, yuko penye mto Ahava, ana safari ndefu ya kwenda Yerusalemu na mali nyingi ya nyumba ya Mungu. Aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, maana alikwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu u juu yao wote wamtafutao. Basi wakafunga, wakaomba, naye Mungu akawatakabali.

Sasa tazameni anachofanya mara baada ya kufunga. Anawatenga wakuu wa makuhani 12, anawapimia fedha, dhahabu na vyombo. Fedha talanta 650. Vyombo vya fedha talanta 100. Dhahabu talanta 100. Bakuli za dhahabu 20. Vyombo viwili vya shaba nzuri. Hata tukiihesabu talanta kuwa kilo 30 tu, hiyo fedha peke yake ni tani 19 na nusu. Kisha, katika mstari wa 28, anawaambia kwamba wao ni watakatifu kwa Bwana na vyombo navyo ni vitakatifu. Wavitunze mpaka watakapovipima tena Yerusalemu mbele ya wakuu.

Hapo ndipo niliposimama. Kwa wanyang'anyi wa njiani, Ezra alimtegemea Mungu bila askari hata mmoja. Kwa ndugu zake makuhani, watu aliowaita watakatifu kwa kinywa chake, alileta mizani. Walipofika walikaa siku tatu, na siku ya nne mali ikapimwa tena mikononi mwa Meremothi kuhani na Eleazari, pamoja na Walawi wawili, Yozabadi na Noadia. Vyote kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa wakati ule ule. Haikungoja mwisho wa mwezi.

Wapendwa, kupimiwa hakukuwa kuwashuku. Kulikuwa kuwalinda. Kuhani aliyepokea mzigo bila kupimiwa hana namna ya kuonyesha kwamba hakuchukua kitu. Akisingiziwa atajitetea kwa machozi tu. Aliyepimiwa anajitetea kwa namba.

Mwaka 1953 mwanasosholojia wa Marekani, Donald Cressey, alichapisha utafiti alioufanya kwa kuzungumza na wafungwa walioaminiwa kutunza fedha wakaichukua. Aliwatafuta hasa wale walioingia kazini kwa nia njema, wasio na mpango wa kuiba. Aliona mambo matatu yakikutana: mtu ana shida ambayo anaona hawezi kumwambia yeyote, anatambua kwamba nafasi yake kazini inaweza kuitatua kwa siri, na ana maneno ya kujiambia ili asijione mwizi. Neno kubwa kati ya hayo ni "nakopa tu." Kati ya hayo matatu, moja liko mikononi mwa kiongozi kila siku, nalo ni ile nafasi ya siri. Shida ya mwenzako ya nyumbani huenda usiijue. Maneno ya moyoni mwake huyasikii. Lakini sanduku lisilohesabiwa umeliacha wewe.

Kwa hiyo nataka tukae kwenye hili sanduku la fedha ndogondogo, kwa sababu Bwana alisema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia, na hakuna dogo linalodharauliwa ofisini kama hili.

Utaratibu wake unajulikana. Sanduku lina kiasi kimoja kisichobadilika, tuseme 300,000. Kila fedha inayotoka inaandikiwa vocha: tarehe, kiasi, kazi, aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyepokea, na risiti imebanwa nyuma. Saa yoyote ile, fedha taslimu ukijumlisha na vocha lazima zitimie 300,000. Sanduku linapopungua, linajazwa kwa jumla ya vocha zilizotumika, basi, wala si kwa makadirio. Kuhesabu kunafanywa na watu wawili, naye keshia akiwa palepale. Usihesabu sanduku la mtu akiwa hayupo, hata kama ufunguo unao. Mwenye sanduku anatoa fedha mwenyewe, mnaanza na noti kubwa kushuka hadi sarafu, mnaandika idadi ya kila aina kabla ya kujumlisha, kisha mnajumlisha vocha, na wote mnatia sahihi. Na siku ya kuhesabu isijulikane. Hesabu ya kila Ijumaa saa kumi inafundisha watu kuazima Jumatatu na kurudisha Ijumaa saa tisa.

Haya, mmehesabu. Taslimu 112,500, vocha 181,500, jumla 294,000. Imepungua 6,000. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu kwa huruma. Keshia anatoa 6,000 mfukoni, mkuu anatabasamu, mambo yanakwisha. La, ndugu zangu. Upungufu unaandikwa kama ulivyo, kwa tarehe, pamoja na maelezo yaliyopatikana. Huenda chenji ilihesabiwa vibaya. Huenda risiti imepotea. Na mara nyingi, niseme wazi, ni mkuu mwenyewe aliyepita akasema "nipe 6,000 ya nauli, vocha nitasaini baadaye," akasahau. Ukiufunika upungufu kwa fedha ya mfukoni, unafuta alama ambayo ingekuonyesha tatizo linajirudia wapi. Tena unamfundisha keshia kwamba sanduku na mfuko wake ni kitu kimoja. Aliyejaza leo kilichopungua, kesho atajiona ana haki ya kuchukua kilichozidi.

Na sasa niwageukie viongozi, maana siwezi kupita hapa kwa upole. Ni aibu kwetu tunaoimba na kuhubiri kwamba masurufu, yaani fedha ya kazi anayopewa mtu mapema ili aitolee hesabu baadaye, yanayochelewa kurejeshwa kuliko yote huwa ni ya mkuu. Mhasibu anaweza kumfuata mtumishi wa chini mara tatu kwa wiki. Wewe anakuogopa. Anaandika jina lako kwa penseli akitumaini utakumbuka. Unapomwambia "hivi hunijui mimi?" umemwekea mtego, kwa sababu kuanzia siku hiyo hana ujasiri wa kumuuliza mwingine. Samweli alipokuwa mzee mwenye mvi, baada ya kuwaamua Israeli siku zote, alisimama mwenyewe katika 1 Samweli 12 akauliza mbele ya watu wote: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Hakungoja mkaguzi. Paulo naye, akibeba changizo la watakatifu, hakubeba peke yake. Aliwatuma ndugu wengine pamoja na Tito, akaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8: asije mtu akawalaumu, wakiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo alihitaji wenzake wa kushuhudia, ni nani kati yetu anayetosha peke yake?

Rejesha masurufu yako wa kwanza. Panga risiti kwa tarehe, bandika zile ndogo kwenye karatasi ili zisipotee, andika kiasi ulichopewa, ulichotumia, kilichobaki, na ukabidhi salio pamoja na fomu siku ileile, ukadai stakabadhi ya salio hilo. Risiti ikipotea, sema imepotea. Usiende kutafuta kitabu cha risiti tupu ukajaze kwa mkono wako. Mithali 11:1 haikuweka kipimo cha chini cha mizani ya hadaa.

Najua wapo watakaonijibu kwa 2 Wafalme 12:15, kwamba waliokabidhiwa fedha ya kutengeneza hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni kweli. Lakini rudini juu kidogo. Hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yehoashi makuhani walikuwa hawajatengeneza mabomoko, na fedha ilikuwa imepita mikononi mwao. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili wakaihesabu. Kabla ya huo uaminifu wa mstari wa 15 palikuwa na sanduku lenye tundu na watu wawili wa kuhesabu.

Yapo mengine nilitaka kuyagusa. Mshahara wa mtu usilale kwako, Walawi 19:13. Kama fedha imechelewa, waambie wafanyakazi kabla ya tarehe, wala usiwaache wagundue benki. Kumkosoa mtu kuanze wewe na yeye peke yenu, Mathayo 18:15, na useme tendo, siku na madhara yake, wala usiiseme tabia yake yote. Na kwa kujijenga wewe mwenyewe, tenga nusu saa kila mwisho wa juma uandike kwa mkono: niliidhinisha nini bila kusoma, nilimwahidi nani nini na tarehe imepita, nani aliuliza swali nikamkatiza. Majina na tarehe. Toba ya jumla-jumla haimbadilishi mtu.

Lakini moyo wangu unarudi kwa mmoja anayesoma hapa, ambaye tangu aya ya sanduku amenyamaza. Sanduku lako halitimii. Ulianza na "nakopa tu," na mwezi umekuwa miezi. Ndugu yangu, dada yangu, usingoje siku ya nne, siku ya mizani. Hesabu 5:7 inasema aungame, arudishe kamili, na kuongeza sehemu ya tano. Kama ni 50,000, ni 60,000. Kaa leo uandike karatasi moja: ulichukua lini, kiasi gani kila mara, jumla, na jinsi utakavyolipa, kwa tarehe unazoziweza kweli. Usipunguze namba hata kidogo, maana ukija kugundulika umeficha hata 2,000, maungamo yote yatahesabiwa uongo. Usiandike vocha za kuziba pengo usiku huu. Kosa la fedha litakuwa kosa la kughushi. Mwombe mtu mmoja mzima kiimani akusindikize. Huenda utapoteza kazi, sitakudanganya, na huenda sheria ikachukua mkondo wake.

Nawe kiongozi utakayeletewa karatasi hiyo, mkaribishe kiti kwanza. Soma yote kabla ya kusema. Fuata taratibu za kazi bila kuficha, mkiwa wawili, na usiitangaze habari yake kwenye kikao cha maombi kana kwamba ni hitaji.

Nenda Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi kuanza. Tumekwisha kuanza kukuombea.